Mwongozo kamili: Safari ya hisani kwa baiskeli ya mikono, kilomita 70 kuingia Dodoma

Wanaonitafuta kwa ushauri huniletea hadithi moja kwa sura tofauti. Mtu mwenye ulemavu, ana moyo, ana baiskeli yake ya magurudumu matatu, katangaza kwamba atanyonga mpaka Morogoro au Singida kuchangia shule fulani. Siku ya pili bega limegoma. Siku ya tatu ana kidonda makalioni. Akirudi, kilichokusanywa hakifikii hata mafuta ya gari lililomsindikiza, na shule aliyoitaja bado inasubiri.

Nguvu wanazo, nia wanayo. Kinachowaangusha ni kuanza na barabara, halafu ndiyo wanatafuta pesa. Utaratibu ulio hapa chini unaanzia upande wa pili: pesa ziwe zimeahidiwa, na nyingi ziwe zimeshaingia, kabla gurudumu halijazunguka. Nimeupanga kwa anayetumia baiskeli ya kunyonga kwa mikono, anayefanya mara ya kwanza, mwenye miezi mitano ya kujiandaa. Anayesukuma kiti mwendo au anayetembea kwa mguu wa bandia afuate hatua hizi hizi, ila apunguze umbali kwa nusu.

Vitu vinavyohitajika

Si lazima uwe navyo vyote leo. Lakini ujue kila kimoja kitatoka wapi kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba utasafiri.

Chombo na vifaa vyake:
- Baiskeli ya magurudumu matatu yenye breki inayoshika, cheni isiyolegea na kiti kilichokupima wewe
- Tyubu tatu za akiba, viraka, solusheni, pampu, spana, spoki kadhaa na kipande cha cheni
- Dawa ya maji ya kuziba pancha, ile inayouzwa kwenye maduka ya spea za pikipiki
- Bendera ndefu ya rangi kali, reflekta nyuma na pembeni, taa nyekundu

Vya mwili:
- Mto wa kukalia unaofaa ngozi yako, na wa pili wa akiba
- Kioo kidogo cha mkono cha kukagulia ngozi
- Glavu, kofia pana, nguo nyepesi ya mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua
- Maji, chumvi, sukari, chupa ya kunyunyizia
- Kama unatumia katheta (mrija wa kutolea mkojo): za kutosha siku zote, na nyingine nusu ya hizo
- Kiti cha choo chenye tundu

Watu: dereva wa gari la nyuma, mwendesha pikipiki wa mbele, fundi, mhudumu wa afya, mhazini na mtu wa picha na taarifa. Mhazini asiwe ndugu yako wa damu. Sababu utaiona kwenye hatua ya pili.

Hatua ya 1: Tafuta hitaji, na bei yake

Kusema "nachangia watoto wenye ulemavu" hakuleti pesa, kwa sababu msikilizaji haoni mwisho wake. Nenda mahali penyewe. Kama ni shule yenye wanafunzi wasioona, mathalani Buigiri wilayani Chamwino, kaa na mwalimu mkuu umuulize ni kitu gani kimoja kikipatikana kitabadilisha masomo muhula ujao. Huenda akasema fimbo nyeupe. Huenda akasema karatasi za nukta nundu, ambazo huisha kila siku na hakuna anayekumbuka kuzichangia kwa kuwa hazipendezi pichani.

Ondoka pale na vitu vitatu: jina la kifaa, idadi, na bei kutoka kwa wauzaji wawili. Omba barua ya shule inayokubali mchango huo. Bila barua unachangisha kwa jina la watu ambao hawajakutuma.

Onyo kuhusu viti mwendo, maana ndicho kitu cha kwanza kinachomjia kila mtu. Kiti kile cha hospitali, cha saizi moja kwa wote, kimetengenezwa kumhamisha mgonjwa kutoka wodi hadi wodi. Mtoto akikaa humo kutwa anapinda mgongo na kupata vidonda. Kiti cha mtu hupimwa: upana wa nyonga, urefu wa paja, mahali pa kuegemea. Moshi kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa kazi hiyo, kwa hiyo utaalamu upo nchini. Afadhali viti vinne vilivyopimwa kuliko ishirini vitakavyogeuka vyuma chakavu. Vivyo hivyo kwa wenye ualbino: mafuta ya Kilisun yanatengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya ngozi zao, basi huna haja ya kununua mafuta yoyote ya dukani kwa kubahatisha.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema hitaji lako kwa sentensi moja yenye namba, na mama anayeuza nyanya Majengo akaelewa bila kukuuliza swali.

Hatua ya 2: Pesa ipite wapi

Hapa ndipo safari nyingi hufia, na hufia kimyakimya. Watanzania wamechoshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu akitaka kukuchangia, kidole chake kinasita akiona jina linalotokea kwenye simu ni la mtu binafsi asiyemjua. Hakuambii. Anaacha tu.

Kwa hiyo usitumie namba yako, wala ya mke, mume au kaka yako. Una njia tatu.

Njia bora ni akaunti ya benki ya taasisi unayoichangia, yenye watia saini wake, pamoja na lipa namba yenye jina la taasisi hiyo. Pesa haigusi mkono wako kabisa.

Njia ya pili ni kikundi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri ndiye anayesajili vikundi. Mkishasajiliwa mnafungua akaunti ya benki ya watia saini watatu. Kama tayari mna kikundi cha ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, msichanganye. Fungueni akaunti nyingine. Pesa ya mkopo na pesa ya hisani zikikaa chungu kimoja, siku moja mtajibu maswali msiyoyaweza.

Njia ya tatu ni kupitia chama cha watu wenye ulemavu kilicho chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama hivyo nchini. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: pesa ni ya nini, inatoka lini, nani anatia saini.

Kuhusu gharama nina msimamo. Mafuta ya gari, maji, chakula na fulana visitoke kwenye mchango. Tafuta wa kuvitoa kama vitu: kituo cha mafuta kitoe lita, duka litoe katoni za maji, karakana itoe fundi. Ndipo utakapoweza kuandika kwenye kila tangazo kwamba kila shilingi inakwenda kwenye fimbo nyeupe. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko picha yoyote ya jasho lako.

Jaribu kwa kumtumia namba hiyo mtu asiyekujua, mwambie atume shilingi 1,000. Jina likitokea sawasawa na lililo kwenye bango, endelea.

Hatua ya 3: Mwili wako ukaguliwe

Nenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au kituo kinachokufahamu, ukiwa na maelezo ya safari yaliyoandikwa: kilomita kwa siku, saa za jua, aina ya chombo. Daktari akiambiwa "nataka kufanya mazoezi" atakuambia vizuri. Akiambiwa saa tatu za kunyonga kwa siku tatu mfululizo atakukagua kwa jicho jingine.

Kila ulemavu una hatari yake.

Aliyeumia uti wa mgongo hatoki jasho vizuri chini ya mahali alipoumia, hivyo mwili haujipozi. Kiu isikudanganye, mwagia maji shingoni na mikononi hata kama hujisikii joto. Kama umeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, wewe na mhudumu wako mjue dalili hizi kwa moyo: kichwa kinagonga ghafla, uso unawaka, jasho linatoka juu tu. Hiyo ni presha inayopanda kwa kasi, na mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mrija uliojikunja. Simama, kaa wima, legeza nguo na mikanda, kagua mrija, toa mkojo. Isiposhuka mara moja, hospitali. Inaweza kuua.

Aliyepata polio utotoni asijilinganishe na mwingine. Misuli iliyobaki imefanya kazi ya misuli miwili kwa miaka mingi, na ikichoshwa kupita kiasi inaweza isirudi ilipokuwa. Ukiamka kesho yake bado dhaifu, jana ulizidisha.

Mwenye mguu wa bandia abebe soksi za kutosha za kubadilisha kila zikilowa. Jasho na mchanga wa Dodoma ndani ya soketi, pale mguu wako unapoingia kwenye ule wa bandia, ni msasa.

Na wote mnaokaa: ngozi. Kidonda cha mgandamizo huanza bila maumivu kwa asiyehisi chini, na kikishachimba kinaweza kukulaza miezi. Kila nusu saa simama, lala mbele juu ya mapaja kwa dakika mbili ili damu irudi makalioni. Jioni jikague kwa kioo. Vipeperushi vingi husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta mahali palipokoza rangi, pagumu au laini kupita jirani yake, kisha gusa kwa nyuma ya kiganja usikie kama pana joto. Alama isiyopotea nusu saa baada ya kuondoa uzito inamaanisha kesho hunyongi. Hata kama Mkuu wa Mkoa anakusubiri.

Hatua ya 4: Chombo na mbigili

Anayeishi huku anajua mbigili. Ule mwiba wa ardhini wenye pembe, unaokauka msimu wa kiangazi na kujitandaza pembeni mwa lami, ndio adui mkubwa wa tairi zako, pamoja na miiba ya migunga.

Fanya mambo mawili kwa kila gurudumu. Kata tyubu kuukuu kwa urefu, itandaze ndani ya tairi iwe ngao kati ya tairi na tyubu mpya. Kisha weka dawa ya kuziba pancha ndani ya tyubu. Kila unaposimama, zungusha tairi na upitishe mkono wenye glavu kuondoa miiba ambayo bado haijapenya. Pancha nyingi huletwa na mwiba ulioingia kilomita tano nyuma.

Ukinunua chombo, chagua chenye tairi za saizi ya baiskeli za kawaida. Fundi wa kijijini atakuwa na tyubu yake. Vyombo vya msaada kutoka nje vyenye tairi za saizi ngeni hukwama mahali ambapo hakuna wa kukusaidia.

Kiti kikae umbali ambao pedeli ikiwa mbali kabisa, kiwiko bado kimepinda kidogo. Mkono ukinyooka kabisa kila mzunguko, bega ndilo linalolipa. Kaza boliti zote, paka grisi kwenye beringi, kisha nyonga kilomita 10 na ukaze tena.

Hatua ya 5: Chagua njia na tarehe

Barabara ya Morogoro ina gesti nyingi na watu wengi, lakini ndiyo njia ya malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na pale Kibaigwa kwenye soko la mahindi msongamano ni mkubwa. Kwa mara ya kwanza siishauri. Njia ya Singida inashuka hadi Bahi, kisha inabidi kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Mikono isiyozoea itaishia hapo. Njia ya Kondoa ni nzuri na ina malori machache, ila ukiwa unarudi mjini upepo unakuja usoni.

Ninayoipendekeza ni barabara ya Iringa, ukianzia juu ya mlima Fufu, takriban kilomita 70 kusini mwa jiji, na kumalizia mjini. Ni lami, malori si mengi kama ya Morogoro, na upepo wa kusini-mashariki utakuja ubavuni au mgongoni. Usianzie chini ya mlima, huko Mtera. Kupanda Fufu kwa mikono ni safari nyingine kabisa.

Najua utasema 70 ni chache. Mchangiaji hatoi kwa kilomita za ramani. Anatoa kwa sababu amekujua, ameelewa hitaji, na ameona utamaliza. Terry Fox, kijana wa Kanada mwenye mguu mmoja wa bandia, alikimbia kilomita 5,373 kwa siku 143 mwaka 1980 kuchangia utafiti wa saratani. Kulikuwa na maeneo makubwa aliyopita bila kupata karibu chochote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na habari zake. Lakini mji mdogo wa Port aux Basques, wenye watu kama 10,000, ulimpa zaidi ya dola 10,000. Mguu ulikuwa ule ule, mwendo ule ule. Watu wa mji ule walikuwa wameandaliwa.

Faida nyingine ya Fufu ni kwamba uko karibu na nyumbani. Kila unapoishia, piga alama ya chokaa kando ya barabara, piga picha ukiwa na shahidi, pakia chombo garini, ukalale kitandani kwako. Asubuhi mnarudi kwenye alama ile ile. Hivyo unaepuka gesti zenye milango ambayo kiti hakipiti na vyoo vya kuchuchumaa usivyoweza kuvitumia. Tatizo la choo limekatisha safari nyingi kuliko milima, ila ni aibu kulitaja, basi halitajwi.

Tarehe: nusu ya kwanza ya Juni, siku ya mwisho iwe Jumamosi. Mvua zimekwisha tangu Aprili, jua halijawa la Oktoba, na upepo mkali wa Agosti bado. Tena Bunge la bajeti linaloanza Aprili linakuwa bado halijaahirishwa, kwa hiyo wabunge, maofisa wa wizara na waandishi wa habari wamo mjini. Julai wakishatawanyika, utamalizia mbele ya viti vitupu.

Hatua ya 6: Mazoezi ya wiki 16

Hesabu kwa dakika, kilomita baadaye. Anza na saa mbili kwa wiki zilizogawanywa siku tatu. Ongeza isiyozidi moja ya kumi kila wiki. Kila wiki ya nne punguza kwa theluthi moja, kisha endelea kutoka kilele cha mwisho. Ukifika wiki ya 14 utakuwa kwenye saa tano hivi. Wiki hiyo fanya kipimo kikuu: kilomita 20 Jumamosi, kilomita 20 Jumapili, mfululizo. Wiki mbili za mwisho fanya nusu ya kawaida. Usijaribu kufidia ulichokosa. Bega lililochoka halijengeki kwa siku kumi.

Kunyonga kunajenga kifua na mbele ya bega, nyuma kunabaki dhaifu, na hapo ndipo kano huchanika. Mara tatu kwa wiki funga mpira wa tyubu kuukuu kwenye mti, shika ncha mbili, vuta viwiko kwenda nyuma hadi mabega yakaribiane mgongoni. Seti tatu za mara 12. Maumivu ya misuli kesho yake ni ya kawaida. Maumivu ya kuchoma ndani ya bega, hasa yanayokuamsha usiku, ni amri ya kusimama.

Barabara pana za Mji wa Serikali, Mtumba, asubuhi ya Jumapili, zinafaa. Kula na kunywa mazoezini kile kile utakachotumia safarini: uji, ndizi, viazi vitamu, karanga, juisi ya ubuyu yenye chumvi kidogo.

Hatua ya 7: Karatasi

Anza wiki nane kabla. Barua ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Utapita wilaya mbili, Chamwino na Dodoma Mjini, basi andika kote. Nakala kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Michezo. Ambatanisha barua ya shule na maelezo ya akaunti.

Polisi wapewe taarifa ya maandishi. Sheria inataka isipungue saa 48 kabla ya msafara au mkusanyiko, lakini wewe peleka wiki mbili kabla, uombe trafiki kwa kilomita za mwisho mjini. Uwanja wa kumalizia, kama Nyerere Square, unaombwa Halmashauri ya Jiji.

Weka nakala zote kwenye gari la nyuma, zikiwa na mihuri.

Hatua ya 8: Uza kilomita

Sote tunajua kamati ya harusi inavyofanya kazi: bajeti inasomwa, ahadi zinaandikwa, mtu anapigiwa simu mpaka alipe. Fanya hivyo hivyo, ukibadilisha kadi kuwa kilomita.

Tuseme hitaji ni TSh 6,000,000. Kilomita moja iuze TSh 50,000. Sabini zote zikinunuliwa ni TSh 3,500,000. Kila kilomita ina jina: familia, ofisi, kwaya, kijiwe cha bodaboda. Watu watano wa ofisi moja wakitoa 10,000 kila mmoja wamepata kilomita yao. Siku ya safari, mtu wa taarifa anapiga picha yako kwenye kilomita hiyo ukiwa na kibao chenye jina lao, anawatumia papo hapo. Hiyo 2,500,000 iliyobaki itafute kwa misikiti, makanisa, vyama vya wafanyakazi na matawi ya benki, kwa kwenda mwenyewe. Nenda ukiwa na chombo chako. Ongea dakika tano, taja hitaji na namba, uwaachie karatasi.

Mhazini aweke orodha kwenye kundi la WhatsApp kila Ijumaa: nani ameahidi, nani ametoa, jumla ngapi. Uwazi huo ndio unaoleta mchango wa wiki inayofuata.

Kipimo: siku ya kuondoka, theluthi mbili, yaani TSh 4,000,000, ziwe zimeingia. Kama bado, ahirisha wiki mbili. Ukiondoka kwa kutegemea huruma ya njiani, umerudi kwenye hadithi niliyoanza nayo.

Hatua ya 9: Siku tatu barabarani

Kilomita 25, 25, 20. Kwa mwendo wa kilomita nane hadi kumi kwa saa, pamoja na mapumziko ya kila nusu saa, unamaliza kabla jua halijawa kali.

Saa 12:30 asubuhi, kukishapambazuka, anza. Saa 4:30 uwe umemaliza au umefika kivulini. Kama kuna kilomita zilizobaki, zisubiri saa 9:30 alasiri. Giza likiingia, hakuna anayenyonga, hata kama imebaki kilomita moja.

Pikipiki iwe mita 200 mbele, gari mita 50 nyuma likiwa limewasha taa za tahadhari. Lori likija kutoka nyuma na jingine mbele kwa pamoja, toka nje ya lami usimame. Mpangie dereva honi ya maana moja tu: toka.

Kunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kwa mafunda madogo. Kwa mchanganyiko wa nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Beba maji yako, kwani visima vingi vya huku vina maji ya chumvi ambayo tumbo lisilozoea linayakataa. Wanaotumia katheta hupunguza kunywa ili wasisumbuke na mkojo. Usifanye hivyo. Ni njia ya uhakika ya kupata maambukizi ya njia ya mkojo na kuishiwa nguvu.

Sasa jambo ninalolitilia mkazo kuliko mengine yote ya barabarani. Mwanamichezo asishike pesa. Hata noti moja. Asiwe na kopo, kikapu wala kisanduku mbele ya baiskeli. Mkoa wetu umesemwa kwa miaka mingi kwa ajili ya ombaomba, na mtu akimuona mwenye ulemavu barabarani, mkono wake unaingia mfukoni kabla hajauliza anakwenda wapi. Ukipokea noti ile, umekuwa muombaji machoni pake, na yule mtoto wa shule anayekutazama amejifunza tena kile alichofundishwa jana. Wewe ndiye unayetoa. Bango lako liseme hivyo: NANYONGA KM 70 KUWANUNULIA WANAFUNZI FIMBO NYEUPE.

Anayetaka kutoa apelekwe kwa mhazini, aandikiwe risiti yenye jina lake. Vijijini watakuja na debe la mtama, karanga, kuku. Pokeeni kwa heshima ile ile, andikeni, mkauze mjini. Salimia kwa "Mbukwa", salamu ya Kigogo, simama, jibu maswali ya watoto kuhusu baiskeli. Muda huo utengewe kwenye ratiba. Usiupite kwa haraka.

Jioni: ngozi, mabega, mkojo, chombo. Kwa mpangilio huo, kila siku, bila kuruka.

Hatua ya 10: Makabidhiano

Mwili kwanza. Wiki mbili bila kunyonga zaidi ya mizunguko ya nyumbani. Alama zilizojificha hujitokeza siku ya tatu au ya nne, kwa hiyo kioo kiendelee.

Ndani ya siku 14 mhazini atoe hesabu: kilichoingia, kilichonunuliwa, risiti, kilichobaki. Kila aliyenunua kilomita atumiwe. Vifaa vikabidhiwe shuleni mbele ya mwalimu mkuu, Afisa Elimu na wachangiaji wawili watatu, na wapokeaji waulizwe kama wanataka kupigwa picha. Mtoto anayekataa asipigwe.

Baada ya miezi mitatu rudi shuleni bila kamera. Angalia fimbo ngapi zinatumika, ngapi zimevunjika, ngapi ziko stoo zimefungwa. Waandikie wachangiaji ulichokikuta, kizuri na kibaya, kisha orodha yao ya majina itunze. Usiwaombe shilingi nyingine kabla hawajasoma taarifa hiyo.